Ordinatere yetu ya nyumbani: tulichookoa na tulichopoteza



Ninawaandikia kutoka Kalemie. Mimi ni mwalimu wa hesabu kwenye masomo ya sekondari, na mke wangu ni mshonaji wa nguo. Kwa kawaida sipendi kutoa mambo ya nyumba yangu inje. Lakini tangu mwezi wa kwanza wa mwaka huu 2026, hakuna juma linalopita bila mtu kusimama mlangoni na kuuliza: "Mwalimu, tunasikia mulitosha Windows mu mashine yenu. Mulifanya namna gani? Na ingali inatembea?" Nimejibu mpaka nimechoka. Tena kila mara nilisimulia yale mazuri tu, na mke wangu, akiwa ndani kwenye mashine yake ya kushona, alikuwa akikohoa. Leo nitaeleza yote, pamoja na yale yanayomfanya akohoe.

Ordinatere yenyewe ilitoka Kolwezi. Shemeji yangu anafanya kazi huko katika kampuni moja ya madini, na mwaka 2019 kampuni hiyo ilibadilisha mashine za ofisini, ikauzia wafanyakazi zile za zamani kwa bei ndogo. Ninyi munaosoma ukurasa huu mukiwa Kolwezi, Likasi ao Manono munazijua: zinatoka ofisini na kibandiko cha namba kingali ubavuni. Yetu ni Dell ya mwaka 2014, yenye kumbukumbu ya giga 4 na klavye ya Kifaransa. Ilifika Kalemie juu ya lori, ndani ya godoro, na haikuvunjika kitu.

Nyumbani ikawa mtu wa tano wa kusaidia kazi. Mimi niliandikia maulizo ya mitihani. Binti yangu wa pili aliwapigia wanafunzi wa chuo kikuu TFC zao na kupata chumvi na sabuni. Kijana wangu alicheza mpira wa ekrani. Mke wangu mwanzoni hakuitaka. Yeye alikuwa na kitabu chake cha karatasi, chenye vipimo vya wateja na madeni yao.

Kisha ikaja 2024, ziwa likapanda kupita kiasi. Wale wa Kalemie, Moba na Uvira hawana haja niwaeleze. Kwetu maji yaliingia usiku, yakafika juu ya kifundo cha mguu, na sanduku la picha lilikuwa chini ya kitanda. Tulipolifungua, picha zilikuwa zimeshikana kama mikate iliyolowana. Ukivuta moja, sura ya mtu inabaki kwenye mgongo wa nyingine. Harusi yetu ikaenda hivyo. Kitabu cha mke wangu kikaenda hivyo vilevile.

Bahati ilikuwa moja. Mwaka 2022, wakati wa likizo, binti yangu alizipiga picha zile zote kwa simu, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye diski ya nje. Ndani ya diski hiyo pia kulikuwa na sauti ya kambo. Kambo ni mama wa mke wangu. Alituacha mwaka 2023. Kabla ya hapo watoto walimrekodi akisimulia hadisi za zamani kwa Kitabwa, hadisi kumi na moja. Mke wangu anazijua nusunusu. Watoto hawazijui. Kwa hiyo, baada ya maji, vitu vyote vya zamani vya jamaa yetu vilikuwa ndani ya kasha dogo lenye ukubwa wa kiganja. Nami nikamwambia mke wangu: "Unaona? Karatasi inakufa na maji. Leta na madeni yako mu mashine." Akakubali. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2025 nilipeleka flashi kwenye kibanda cha fotokopi kuchapisha mtihani. Flashi ikarudi na virusi. Siku chache baadaye mashine ikawa nzito: kuiwasha ni robo saa, kufungua barua moja ni kungoja hata chai ipoe. Na tulipochomeka diski ya nje, mafolda yote yalikuwa yamegeuka vialama vidogo vyenye mshale. Ukibonyeza, hakuna kitu.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Akaitazama dakika tano, akasema: "Hii ni kuformate tu, mashine na diski ya inje, yote mbili. Dola 20." Nikauliza: "Na vitu vya ndani?" Akasema: "Mwalimu, vile vilishakufa." Sikumlipa siku ile, si kwa sababu ya akili, ni kwa sababu sikuwa na dola 20.

Hapa nitubu kidogo. Windows iliyokuwa ndani ya mashine yetu haikuwa ile iliyotoka nayo Kolwezi. Mwaka 2021 ile iliharibika, na fundi akatutilia nyingine, ya kukopi, yenye ufunguo wa bandia. Nilijua, nikanyamaza. Kila mwaka ninasimama kati ya meza kwenye mtihani wa Serikali kuwazuia watoto wasikopi, na jioni ninarudi nyumbani kuandika kwenye programu iliyokopiwa. Zaidi ya hiyo, programu za namna hii mara nyingi huja na virusi tumboni, na watu wengi wanaozitumia huzima masahihisho ya usalama kwa kuogopa kugunduliwa. Tulikuwa tumeacha mlango wazi sisi wenyewe.

Siku mbili kabla ya Noeli akafika mtoto wa kaka yangu, anayesoma Lubumbashi. Aliposikia habari ya fundi akasema: "Baba mudogo, usilipe ile pesa kwanza. Niko na flashi hapa. Tuamushe mashine na hii flashi, diski hatuigusi."

"Hauigusi kabisa?"

"Hata kidogo. Ikikataa tunazima, tunabaki palepale tulikuwa."

Ndugu msomaji, mimi sikujua kama jambo hilo linawezekana. Nilifikiri Windows na ordinatere ni kitu kimoja, kama sabuni na povu. Kumbe ordinatere ni kama treni iliyosimama gare yetu hapa: vyuma vyote viko, magurudumu yako, lakini bila mashinisti haiendi. Mashinisti ndiyo sistemu. Windows ni mashinisti mmoja tu, wa kampuni ya Microsoft. Wako wengine. Na huyu wa kwenye flashi anaweza kuendesha treni bila kulala ndani yake: anakaa kwenye flashi na kwenye kumbukumbu ya mashine, ukizima anatoka.

Kijana akawasha mashine huku akibonyeza F12. (Kwenye mashine zingine ni F9, ao Esc, ao F2, tazameni maandishi yanayopita haraka mwanzoni.) Akachagua flashi. Tukangoja dakika mbili tatu, kisha ekrani ikatulia, safi, yenye alama ya kijani: Linux Mint. Akachomeka diski ya nje. Vile vialama vya uongo vilikuwepo, na kandokando yao mafolda ya kweli: PICHA, KAMBO, BATIZO, KARAMU. Binti yangu akapiga kelele: "Papa, biko! Biko byote!"

Mke wangu akaja na uzi mdomoni. Kijana akabonyeza rekodi ya kwanza. Tukamsikia kambo anakohoa, kisha anauliza kwa Kitabwa kama simu imeshaanza kusikiliza. Mke wangu akakaa chini, palepale kwenye sementi. Hatukusema kitu mpaka hadisi ikaisha.

Sasa niwaeleze sababu, maana si muujiza. Virusi vya namna ile havifuti vitu, vinavifichaficha. Vinaweka juu ya folda yako alama ya "fichwa", halafu vinaweka mahali pake kialama chenye jina lilelile, ili wewe ukibonyeza uvisaidie kusambaa. Windows inaheshimu alama ile ya kuficha. Linux haiijali, inaonyesha vyote. Tena virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux ni kama mtu aliyeandikiwa barua kwa lugha asiyoisoma. Sisemi Linux haina virusi kabisa, viko, ila kwa mashine za nyumbani ni vichache sana. Na angalieni: ikiwa vitu vyenu vimefutwa kweli, ao diski yenyewe imevunjika, njia hii haitawarudishia.

Usiku ule tulikopi diski yote kwenye flashi mbili kubwa. Kisha tukaanza kuongea: je, tubaki na Windows ao tuitoshe?

Kijana alitueleza hali ilivyo. Microsoft ilimaliza kutoa masahihisho ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kuongeza mwaka mmoja wa masahihisho ya usalama anapaswa kujiandikisha. Windows 11 nayo inadai processa za miaka ya karibuni na kijiwe cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine yetu ya 2014 haimo kwenye hesabu hiyo. Na mashine nyingi zinazotoka maofisini ya kampuni za madini ziko vilevile, ndiyo maana ninawaandikia ninyi. Haziko mbovu. Zimeachwa tu njiani.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na miaka 21. Tangu 1983 Mmarekani Richard Stallman alikuwa amekwisha kuanza kazi ya kuandika programu zilizo wazi, na kazi hizo mbili zikakutana. Wazi maana yake nini? Maandishi ya ndani ya programu hayafichwi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, kuyakopi na kumpa mwenzake, na hiyo si wizi, ni sheria yenyewe inasema hivyo. Mke wangu alielewa mbele yangu. Akasema: "Kumbe ni kama mashine yangu hii ya zamani. Naifungua mwenyewe, ninatia mafuta, ninarudishia. Ile mupya ya jirani imefungwa, ikikufa inatupwa."

Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, yule aliyepanda angani mwaka 2002, akatoa Linux yake na kuiita Ubuntu. Waluba mutalisikia neno hilo: bumuntu. Kwa Kiswahili, utu. Miaka ile kampuni yake ilituma CD kwa posta bila malipo, ikaacha mwaka 2011. Mwalimu mwenzangu aliyetoka Bukavu aliwahi kunipa moja. Niliitundika shambani kufukuza ndege, ilikuwa inang'aa sana. Mwaka uleule wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na sisi huku hatukusikia habari. Linux Mint, tuliyotia sisi, ilianza mwaka 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu. Kijana alichagua ile ya Xfce, iliyo nyepesi; wenyewe wanashauri kumbukumbu ya giga 4, nasi tulikuwa nazo kamili.

Siku tatu baada ya Noeli tukakaa kuitia. Na hapa ndipo mke wangu anakohoa.

Ilikuwa saa kumi jioni, na siku zile umeme ulikuwa ukikatika kila mara kuelekea saa kumi na mbili. Ukikatika katikati, unaanza upya. Programu ikauliza: niitie kando ya Windows, ao nifute diski yote? Kijana akasema: "Baba mudogo, tuitie kando kwanza. Kiisha mwezi mumoja, mukizoea, tunafuta." Mimi nikatazama saa. Nikakumbuka dola 20, nikakumbuka ile Windows ya wizi, nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Futa yote. Tuanze safi." Akauliza: "Mulishatosha vitu byenu byote?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekopi mitihani yangu, TFC za binti, hata michezo ya kijana. Akabonyeza. Dakika thelathini na tano, kazi ikaisha. Umeme haukukatika hata siku ile nzima.

Jioni mke wangu akaja kutafuta deni la mama mmoja wa sokoni. Yeye alikuwa na akaunti yake mwenyewe ndani ya Windows, yenye neno lake la siri, kwa sababu watoto walikuwa wakichezea hesabu zake. Mimi nilikopi akaunti yangu tu. Ya kwake sikuifikiria. Vipimo vya wateja wote, na madeni ya mwaka mmoja na nusu, vilikwenda na Windows. Akanitazama. Akasema pole pole: "Basi, baba wa watoto, umesamehe watu bote madeni. Kwa nguo zangu."

Kijana akajaribu programu inayoitwa PhotoRec, ambayo inachimba ndani ya diski kutafuta vitu vilivyofutwa. Iliangaika usiku mzima kwa batri ya pano ya jua. Ilileta vifaili mamia visivyo na majina, kati yao kurasa mbili za vipimo vya mwaka 2024. Madeni hayakuonekana, sistemu mpya ilikuwa imekwisha kulala juu yake. Kama jambo hili likiwapata, zimeni mashine mara moja na musiandike kitu kingine juu ya diski ile, kila dakika inafunika kitu.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kufanya kama sisi: kwanza keti na kila mtu wa nyumbani, mmoja mmoja, hata mtoto wa mwisho, umuulize vitu vyake viko wapi. Usiseme unajua. Jaribu kwanza na flashi siku mbili tatu, uone kama sauti inatoka, kama ekrani na wi-fi vinakubali, kama mashine yako ya kuchapa inaonekana. Yetu ya kuchapa ilikataa siku nne, kisha ikakubali tulipochagua jina la aina inayokaribiana nayo. Sistemu usiichukue kwa mega za simu, ni karibu giga 3. Tafuta mtu aliye nayo kwenye flashi, kumpa mwenzako ni ruhusa.

Chagueni klavye sawasawa. Sisi tuliandika neno la siri kwa klavye ya Kiingereza bila kujua, tukarekebisha baadaye, kesho yake mlango ukatukatalia: pale tunapobonyeza A mashine ilikuwa imejifunza Q. Nusu saa tulibishana nani amebadilisha neno.

Mitihani yangu ya zamani ilifunguka ndani ya LibreOffice, lakini mistari iliruka, maana herufi za Windows hazimo. Swali la nne likajikuta kwenye ukurasa wa pili peke yake. Sasa kabla ya kupeleka kitu kwenye kibanda cha fotokopi ninakigeuza kuwa PDF, na flashi ikirudi tunaisafisha mbele ya kumpa mtu mwingine, kwa sababu kama virusi havituumizi sisi vinaweza kumwumiza jirani. Kijana wangu alipoteza mpira wake: kuukopi tulikopi, ila haukubali kucheza. Alinuna majuma mawili. Kijana wa kaka yangu alimtilia Kiwix, yenye Wikipedia ya Kiswahili na ya Kifaransa ambayo inasomwa bila mega hata moja, na nilidhani ingemtuliza. Haikumtuliza. Ni dada yake ndiye anayeisoma.

Mashine sasa inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Hadisi za kambo ziko mahali pane: ndani ya mashine, kwenye diski ya nje, kwenye flashi moja hapa, na kwenye flashi nyingine iliyo kwa dada wa mke wangu, juu ya kilima, ambako maji hayafiki. Jioni anazifungulia wakati wa kushona, na binti ameanza kumwuliza maana ya maneno.

Kuhusu madeni, tulipitisha habari mtaani bila kuficha kosa ni la nani. Watu saba walikuja wenyewe, wakataja wanachodaiwa. Mmoja alitaja zaidi ya kile mke wangu alichokumbuka, wakabishana, akaacha pesa mezani akaenda. Wengine hatujawaona, na baadhi yao wamebadilisha hata njia ya kupita. Mke wangu ameanza upya, kwenye LibreOffice na kwenye kitabu cha karatasi, vyote viwili, na mimi sina ruhusa ya kugusa hata kimoja.

Imebaki shati moja ya bluu, ya mikono mirefu, iliyoshonwa mwezi wa kumi wa mwaka 2025. Hakuna anayekumbuka ni ya nani wala kama imelipwa. Imetundikwa nyuma ya mlango. Kama ni yako, pita uichukue.